Cheni ya shangazi, rula ya shule na pingili 148

Najua niliahidi kuendelea na habari za hifadhidata, na wapo walioniandikia kunikumbusha. Mnivumilie. Nimerudi juzi kutoka nyumbani Busia, mikono bado ina weusi wa grisi kwenye kucha, na kichwani nina hesabu ambayo haina uhusiano wowote na tarakilishi. Leo tunashika nyundo, mafuta ya taa na rula.

Kwanza tujue tuko wapi. Wengi mnapanda bodaboda kila siku, lakini si wote wanaojua kwamba neno hilo lilizaliwa kwetu. Miaka ya 1960, kati ya geti la Kenya na geti la Uganda pale Busia palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili, na gari lilihitaji makaratasi kuvuka. Vijana wenye baiskeli wakaweka kiti cha sponji nyuma, wakawa wanaita abiria: boda, boda! Mtindo ukapanda kaskazini hadi Malaba, ukaenea Uganda na Kenya nzima, na leo jina limechukuliwa na pikipiki. Baiskeli bado zipo lakini. Ukisimama stendi ya Busia asubuhi utaziona, nyeusi, nzito, zimebeba mama na mzigo wake.

Kuna chombo cha tatu ambacho wageni hukipita bila kukitazama: baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. (Nikisema magurudumu matatu msinielewe vibaya, sizungumzii matatu za Nairobi!) Watu wenye ulemavu wa miguu wamekuwa wakivusha mizigo mpakani kwa vyombo hivi kwa miongo mingi. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika habari zao mwaka 2007. Maafisa wa forodha walikuwa wakiwafumbia macho kwa mizigo midogo, na wafanyabiashara wenye miguu mizima wakagundua kwamba njia nafuu ya kuvusha bidhaa ni kumpa kazi mwenye magurudumu matatu. Si hadithi ya huruma hiyo, ni biashara. Shangazi yangu amesomesha watoto wanne kwa baiskeli hiyo.

Shangazi alipata polio akiwa mtoto. Anavusha mayai na maharagwe kuja huku, sabuni na mafuta ya kupikia kwenda kule. Wengi wanasema tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe Februari 2018 mambo ya zamani yamepungua, yeye anasema wateja wake hawajaacha kula mayai.

Sasa, kuna jambo ambalo mwendesha baiskeli wa kawaida hulisahau. Cheni ikikatika, yeye hushuka, akasukuma baiskeli hadi kwa fundi huku akilalamika. Shangazi cheni ikikatika anabaki pale pale. Mikono ndiyo pedali, na pedali hazishiki tena kitu. Mwezi wa nne, katikati ya mvua, ilimkatikia jioni katikati ya foleni ya malori, trei za mayai nyuma, matope hadi kwenye ekseli. Madereva wakapiga honi. Alikaa karibu saa mbili mpaka kijana mmoja wa bodaboda alipomvuta kwa kamba. Wiki mbili baadaye ikakatika tena, safari hii karibu na nyumbani, akashukuru Mungu.

Nilipofika, nilidhani ataniomba nimnunulie baiskeli mpya. Alichoniambia ni hiki:

“Mwanangu, sitaki cheni isiyokatika, najua haipo. Nataka ikikatika niifunge mwenyewe, nikiwa hapa hapa nilipokaa.”

Kazini kwetu hayo huitwa mahitaji ya mtumiaji, na nimekaa kwenye mikutano ya siku nzima bila kuyapata yakiwa yamenyooka hivyo.

Haya, tuanze na ugonjwa wenyewe. Cheni ya baiskeli ni pingili za nje na pingili za ndani zinazopishana, zimeshikwa kwa pini. Kutoka pini moja hadi nyingine ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kipimo hiki ni kile kile baiskeli iwe imetoka India, China au Uingereza, ndiyo maana cheni ya duka lolote inaingia. Umbo lenyewe, lenye rola zinazozunguka juu ya bushi, lilipewa hataza mwaka 1880 na Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na karakana Manchester, na tangu hapo halijabadilika sana. Natamani ningeandika programu moja tu inayodumu hivyo.

Watu husema cheni “imevutika”. Haivutiki. Vyuma vya pembeni havirefuki hata kidogo. Kinachotokea ni kwamba pini inalika pale inapojikunja ndani ya bushi, kila pingili inapata nafasi ndogo isiyoonekana, na nafasi hizo zikijumlishwa cheni nzima inaonekana ndefu. Mchanga ukichanganyika na oili ndani humo unakuwa kama msasa, na vumbi jekundu la kwetu la Januari na Februari linajua kazi hiyo vizuri sana.

Dawa ya kuijua hali ya cheni ni rula ya chuma ya shule. Nyosha cheni ikazike, hesabu pingili 24, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya mwisho. Cheni mpya itakupa inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Ikifika milimita 306 na ushei, anza kutafuta pesa ya cheni. Ikifika 308, meno nayo yameanza kuharibika, na cheni mpya peke yake haitatosha. Ya shangazi ilisoma 310.

Mbona basi haikuwa imelegea? Kwa sababu ilikuwa imekatwa. Nikaenda kwa fundi, kijana mchangamfu anayefanya kazi chini ya mti akiwa na nyundo, msumari na nati moja kubwa.

“Fundi, habari ya kazi. Hii cheni ya Mama uliipunguza?”

“Ndiyo, bosi. Ilikuwa inaruka, nikatoa pingili mbili. Ikatulia.”

“Uliipima?”

Akacheka. “Sasa rula itakaza cheni?”

Ndipo nilipochukua kijiti nikachora hesabu mavumbini, na naomba nanyi mnifuate kwa sababu hapa ndipo penye kiini. Huwezi kutoa pingili moja kwenye cheni. Ya nje lazima ikutane na ya ndani, kwa hiyo unatoa mbili mbili, sawa na inchi nzima. Cheni ya shangazi ina pingili 148, karibu milimita 1,880. Ili ilegee inchi nzima, milimita 25.4, lazima iwe imelika zaidi ya asilimia 1.3. Kikomo cha kuokoa meno ni asilimia 1. Kwenye baiskeli ya kawaida yenye pingili 112 ni mbaya zaidi: inchi moja ni asilimia 1.8. Kwa maneno mengine, kama cheni ilifungwa kwa urefu unaofaa tangu mwanzo, siku inaporuhusu kukatwa ilishakwisha zamani. Kuikata kunaificha tu. Pingili zilizobaki zina ulegevu ule ule, hazikai tena sawasawa kwenye meno, mzigo wote unabebwa na jino moja au mawili, na meno yanachongeka kama ya papa. Ni kama kuizima na kuiwasha seva kila asubuhi kwa sababu programu inavuja kumbukumbu. Itaamka, ndiyo.

Fundi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa na jibu lake: “Bosi, mtu anakuja na shilingi ishirini. Cheni mpya ni mara kumi na zaidi. Nimwambie nini?” Simlaumu. Bei ya shilingi ishirini ndiyo iliyoikata ile cheni. Lakini nikamwomba kitu kimoja: kabla ya kukata ampimie mteja na kumwambia. Nilimwachia rula. Sijui kama anaitumia kupimia au kufungulia soda.

Tukaja kwenye cheni mpya. Hapa magurudumu matatu yana shida yake: mkono unazungusha krenki iliyo juu, mbele ya kifua, na gurudumu la mbele liko chini, kwa hiyo cheni ni ndefu kuliko ya duka. Kanuni ya urefu, yote kwa inchi, ni hii: umbali kati ya vituo viwili mara mbili, ongeza robo ya meno ya juu, ongeza robo ya meno ya chini, ongeza moja. Kwa shangazi umbali ni inchi 30, meno 32 juu na 18 chini. Yaani 60, na 8, na 4 na nusu, na 1: inchi 73 na nusu. Panda hadi inchi kamili, 74, sawa na pingili 148. Urefu unaozidi unaumaliza kwa kusogeza gurudumu kwenye mpasuo wa uma. Duka linauza cheni ya pingili 112, basi unanunua mbili, unaunganisha, na unabaki na 76 za akiba. Akiba hiyo shikilieni, tutairudia.

Kuna jamaa Malaba, kilomita 30 hivi kutoka kwetu, anayetengeneza pikipiki. Aliposikia habari zetu alipendekeza cheni ya pikipiki namba 428, “hiyo haikatiki hata ukibeba lori”. Wazo halikuwa baya kulisikia. Tarakimu ya kwanza, 4, inahesabu sehemu za nane za inchi, kwa hiyo hatua yake ni nusu inchi kama ya baiskeli! Lakini rola zake ni nene, milimita 8.5 dhidi ya 7.75, hazikai chini ya jino la baiskeli. Na ni pana mno, itacheza kushoto na kulia. Ukitaka 428 badilisha na meno yote mawili, kisha mpe shangazi mabega mapya ya kuizungusha. Tukaiacha.

Sasa vifaa. Njia ya fundi ni hii: unalaza cheni juu ya nati, pini ikiwa juu ya tundu, unaweka msumari mnene uliokatwa ncha, unagonga. Inafanya kazi, nimeifanya tangu utoto. Lakini inataka ardhi ngumu, mikono miwili na mtu aliyechuchumaa. Shangazi hachuchumai. Kwa hiyo nilimpelekea kile kikamulio kidogo cha skrubu cha kusukumia pini, kinachotosha kwenye kiganja. Unalaza cheni kwenye vijino vyake, unazungusha mpini, pini inatoka polepole bila kelele. Unaweza kukitumia mapajani, juu ya gunia la maharagwe.

Siri moja tu: usiitoe pini yote. Iache ikiwa imeshika bamba la nje la upande wa mbali. Ikidondoka kabisa, kuirudisha ni mateso, na gizani ni kuisahau. Mara ya kwanza tuliihesabu mizunguko ya mpini pamoja, akaikariri, akafunga alama ya rangi ya kucha kwenye skrubu. Hiyo rangi ya kucha ni wazo lake. Baada ya kurudisha pini, hakikisha imetokeza sawa pande zote, kisha pindapinda pingili hiyo kushoto na kulia kwa vidole mpaka ilegee, la sivyo itaruka kila ikipita kwenye meno. Ninayosema ni ya cheni pana ya baiskeli isiyo na gia, ya inchi moja ya nane. Zile nyembamba za baiskeli za gia nyingi, pini iliyotolewa usiirudishe, haishiki tena inavyotakiwa.

Njia rahisi zaidi ni kiungo cha klipu: bamba lenye pini mbili, bamba la pili, na klipu ndogo yenye umbo la samaki inayobana. Mkono na koleo, dakika mbili. Kanuni yake ni moja, kichwa kilichozibika cha klipu kitangulie cheni inakokwenda na mdomo wazi ufuate nyuma, ili ikigongwa na kitu isukumwe kukaza na si kufunguka. Kwenye baiskeli ya kawaida kila fundi anajua: upande wa juu cheni inakwenda mbele. Lakini kwenye magurudumu matatu cheni imesimama wima. Ukizungusha kwenda mbele, upande wa nyuma unapanda na upande wa mbele unashuka. Klipu iliyofungwa kwa mazoea, bila kufikiri, ina nafasi nusu kwa nusu ya kukaa kinyume. Shangazi anazungusha krenki kidogo, anatazama inakoelekea, ndipo anafunga.

Meno ya chini tulibadilisha pia, yalikuwa papa mtupu. Hiyo kazi ilibaki kwa fundi wetu wa chini ya mti, maana kufungua friwili kunataka kifaa chake maalumu na nguvu zake. Alifurahi. Si kila kitu lazima kifanywe nyumbani.

Na oili. Naomba sana, acheni ile oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Ni ya bure, ndiyo, lakini inakuja na vumbi la chuma ndani yake, na kwenye magurudumu matatu cheni inapita karibu na leso ya mtu. Osha cheni kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, iache ikauke, tia tone moja moja la oili safi kwenye kila rola, zungusha, kisha futa yote ya nje kwa kitambaa. Inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani, ya nje inakusanya vumbi tu. Machi 2020, Uganda ilipofunga mipaka kwa wasafiri kwa ajili ya corona, baiskeli ya shangazi ilikaa miezi chini ya mwembe bila tone, na cheni ya wakati ule ikawa fimbo, imeganda pingili kwa pingili. Hata gari ulilolipaki hukumbuka kuliwasha.

Chini ya kiti chake sasa kuna kopo la Kimbo. Ndani mna kikamulio, koleo ndogo, viungo vya klipu vitatu (kimoja huwa kinaangukia matopeni, hesabuni hivyo), kipande cha pingili 20 kutoka kwenye ile akiba ya 76, kitambaa, na glovu za mpira. Pingili 20 kwa nini? Kwa sababu cheni ikikatika mara nyingi inaharibu pingili moja au mbili za jirani, unazitoa zilizopinda, unaweka nzima, na urefu unabaki 148. Haukati kitu. Sharti kipande cha akiba kiwe cha umri mmoja na cheni, ndiyo maana kila baada ya miezi kadhaa anabadilishana: anatoa pingili 20 za cheni, anaweka zile za kopo.

Tulifanya majaribio uani. Nilitoa pini moja kwa siri, nikamwambia apande. Cheni ikaanguka, kuku wakatawanyika, wajukuu wakaanza kuhesabu kwa sauti kama mbio za shule. Mara ya kwanza dakika 19. Ya pili 11. Ya tatu akasema wamzimie taa ya ukumbini, maana barabarani hakuna taa. Gizani, kwa vidole tu, dakika 14, na klipu ilikaa upande sahihi. Nililala baadaye kuliko kawaida usiku ule.

Jana jioni alinipigia. Hajakatikiwa bado. Alitaka kuniambia kwamba pingili 24 zinasoma 305 na kidogo, na kwamba jirani yake mwenye magurudumu matatu, anayebeba mafuta ya kupikia, amekuja kuazima rula na amekuta yake inasoma 311. Anaomba nitume kikamulio kingine na cheni mbili. Basi la Busia linaondoka saa mbili usiku na bado sijafunga kifurushi, kwa hiyo kwa leo niishie hapa. Hifadhidata tutaendelea nazo wiki ijayo.